Historia ya Mlisho wa Podikasti na Utata wa Hesabu Zake

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti vinavyosambazwa kwa njia ya intaneti, na mfumo wake umejengwa juu ya vitu vitatu ambavyo mara nyingi huchanganywa: faili ya sauti, ambayo kwa kawaida huwa ya aina ya MP3, seva, yaani kompyuta inayowaka saa zote ambamo faili hiyo huhifadhiwa ili yeyote aweze kuiomba, na mlisho, ambao ni waraka wa maandishi unaoorodhesha vipindi vyote pamoja na majina yake, tarehe zake na anwani ya kila faili. Programu iliyo katika simu ya msikilizaji huusoma mlisho kila baada ya muda, na inapoona kipindi kipya huenda kwenye seva kukichukua. Kitendo hicho cha kuchukua ndicho kinachoitwa upakuaji. Kwa miaka 20 na zaidi upakuaji umekuwa kipimo kikuu cha ukubwa wa podikasti, na kwa muda huohuo umewashangaza watayarishaji, ambao huona hesabu zao zikipanda pasipo sababu, zikishuka bila msikilizaji yeyote kuondoka, au zikitofautiana kati ya kampuni moja ya takwimu na nyingine. Chanzo cha utata huo hakimo katika uzembe wa wanaohesabu, bali katika asili ya teknolojia yenyewe, kwa kuwa upakuaji ulibuniwa makusudi ili ufanyike wakati hakuna mtu anayesikiliza.

Mlisho ulitangulia podikasti. Mwezi Machi 1999 kampuni ya Netscape ya Marekani ilitoa RSS, kanuni ya kuandika muhtasari wa tovuti kwa lugha ya XML, ambayo ni lugha ya kukizungushia kila kipande cha habari lebo zinazoeleza ni kitu gani. Wataalamu wake, Ramanathan Guha na Dan Libby, walitaka wachapishaji wa habari waweze kupeleka vichwa vya habari zao katika ukurasa wa My Netscape, ambapo msomaji alijipangia mwenyewe alichotaka kukiona. Netscape ilipoacha kuushughulikia mradi huo, ulichukuliwa na makundi mawili yasiyoelewana: kundi moja lilitoa toleo la 1.0 mwezi Desemba 2000, na mwezi huohuo Dave Winer, mwenye kampuni ya UserLand Software, akatoa toleo lake la 0.92. Ugomvi wao ulikuwa mkali na mrefu, na sehemu kubwa yake haina uzito tena leo, isipokuwa kwa jambo moja, kwamba toleo la Winer lilikuwa na lebo mpya ya kubebea faili.

Lebo hiyo ilitokana na mazungumzo ya Oktoba 2000 mjini New York kati ya Winer na Adam Curry, aliyekuwa mtangazaji wa kituo cha televisheni cha MTV. Curry alikuwa ameona kwamba miunganisho ya intaneti ya majumbani, ambayo wakati huo ilianza kuwa wazi saa zote, bado ilikuwa ya polepole kiasi kwamba mtu aliyebofya video au sauti alisubiri muda mrefu kuliko urefu wa kitu alichotaka kukitazama au kukisikia. Dawa aliyoipendekeza ilikuwa kuiachia kompyuta kazi ya kusubiri: ichukue faili polepole usiku, mwenyewe akiwa amelala, kisha imjulishe kwamba kitu kiko tayari ili atakapobofya kisikike papo hapo. Winer hakushawishika mara moja, lakini alipolielewa wazo aliliandika katika kanuni yake, na tarehe 11 Januari 2001 alilionyesha kwa kuambatisha wimbo wa bendi ya Grateful Dead katika mlisho wa tovuti yake. Lebo yenyewe ilikuwa na sehemu tatu tu: anwani ya faili, ukubwa wake kwa baiti, na aina yake. Hakuna sehemu iliyoiagiza programu ya msikilizaji irudishe habari yoyote kwa mtayarishaji, wala hakukuwa na haja hiyo, kwa sababu wabunifu walikuwa wakitatua tatizo la kusubiri na si tatizo la kuhesabu. Utata wote uliofuata ulianzia hapo.

Kwa karibu miaka mitatu uvumbuzi huo ulikaa bila matumizi makubwa. iPod, kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, iliingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2001, toleo la RSS 2.0 likatoka mwaka 2002, na Julai 2003 Winer alikabidhi hakimiliki ya kanuni hiyo kwa Kituo cha Berkman cha Chuo Kikuu cha Harvard, jambo lililosaidia kuituliza vita ya matoleo. Mwezi huohuo, katika kituo hicho, mtangazaji wa redio Christopher Lydon alianza kurekodi mahojiano ambayo Winer aliyatia katika mlisho wenye faili za MP3. Oktoba 2003 Kevin Marks alionyesha mbele ya mkutano wa waandishi wa mtandaoni namna programu fupi inavyoweza kuzichukua faili hizo na kuzihamishia katika iPod, na Agosti 2004 Curry akatoa programu yake, iPodder, pamoja na kipindi chake cha Daily Source Code. Mapema mwaka huo, mwezi Februari, mwandishi Ben Hammersley wa gazeti la The Guardian la Uingereza alikuwa amependekeza, kwa kupita tu, jina la podikasti. BBC nayo ilianza majaribio kabla ya mwaka kwisha, kwa kipindi chake cha In Our Time.

Umaarufu ulileta gharama, na gharama ndiyo iliyozaa kampuni za uhifadhi. Kipindi cha saa moja kilichorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde kina ukubwa wa takriban megabaiti 57.6, hivyo watu 1,000 wanaokipakua huvuta gigabaiti 57.6 kutoka kwenye seva. Katika miaka ile wenye seva walitoza kwa kiasi cha data kilichosafirishwa, na matokeo yake yalikuwa kinyume cha biashara ya kawaida: mtayarishaji aliyepata wasikilizaji wengi ghafla alipata ankara badala ya mapato, na pengine seva yake ilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Libsyn, iliyoanzishwa mjini Pittsburgh mwezi Novemba 2004, iligeuza hesabu hiyo kwa kumtoza mtayarishaji kulingana na ukubwa wa faili anazopakia kila mwezi, na si kulingana na idadi ya wanaozipakua. Kwa kampuni ya aina hiyo upakuaji haukuwa tena kipimo cha deni la mteja, na hapo ndipo ulipoanza kuonyeshwa kwa mteja kama kipimo cha mafanikio yake.

Sambamba na hilo, kampuni ya FeedBurner ya Chicago, ambayo Google iliinunua mwaka 2007, ilijaribu njia tofauti, yaani kuhesabu waliojiandikisha. Ilichunguza ni mara ngapi kwa siku mlisho uliombwa, na kwa programu zipi, kisha ikakadiria idadi ya watu. Makadirio hayo yalipanda na kushuka bila utaratibu, kwa kuwa mtu aliyesafiri na kuizima kompyuta yake kwa siku mbili alihesabiwa kuwa amejitoa, na aliyetumia programu mbili alihesabiwa kuwa watu wawili. Kosa hilo la kudhani kwamba kuombwa kwa mlisho ni sawa na kuwapo kwa mtu lingali likifanywa na watayarishaji wapya wanaokutana kwa mara ya kwanza na kumbukumbu za seva zao.

Tarehe 28 Juni 2005 Apple ilitoa toleo la 4.9 la programu yake ya iTunes, likiwa na orodha ya podikasti zipatazo 3,000, na ndani ya siku mbili watu walikuwa wamejiandikisha mara milioni moja. Jambo linalosahauliwa mara kwa mara, hata na watu walio katika kazi hii, ni kwamba Apple haikuhifadhi faili za sauti za podikasti hizo. Ilihifadhi orodha ya anwani za milisho, na kompyuta ya msikilizaji, na baadaye simu yake, ilikwenda moja kwa moja kwa kampuni ya uhifadhi kuichukua sauti. Mpangilio huo uliilinda podikasti isimilikiwe na kampuni moja, na kwa hakika ndio sababu kuu ya kubaki huru mpaka leo, lakini uliigawa elimu katika pande mbili zisizokutana. Programu ilijua kama mtu amesikiliza na amefika dakika gani, ila haikumwambia yeyote. Seva ilijua kwamba faili imeombwa, ila haikujua kilichotokea baadaye.

Kila ombi linapofika, seva huandika mstari mmoja katika kumbukumbu zake, wenye saa, anwani ya IP ya aliyeomba (namba inayoutambulisha muunganisho wake wa intaneti), jina la faili, kiasi cha baiti kilichotolewa, na utambulisho wa programu iliyoomba. Anayedhani kwamba kila mstari ni msikilizaji mmoja atapotea mapema, kwa sababu kanuni za mtandao zinairuhusu programu kuomba kipande cha faili badala ya faili nzima. Mtu anapobofya kusikiliza hapo hapo katika simu ya iPhone, programu huanza kwa kuomba baiti mbili za kwanza ili kupima kama seva inakubali kutoa vipande, kisha huomba kipande baada ya kipande kadiri usikilizaji unavyoendelea, na akiruka mbele huomba tena kutoka pale aliporukia. Msikilizaji huyo mmoja huweza kuacha mistari mingi. Zaidi yake kuna roboti za mitambo ya kutafutia zinazochukua faili ili kuzichunguza, na kuna upakuaji halali kabisa wa kipindi ambacho mwenye simu hakukifungua hata mara moja. Mtayarishaji yuko katika hali ya mwenye gazeti anayejua ni nakala ngapi zimetoka kiwandani, ilhali nyingine zimefungiwa maandazi.

Hali hiyo ilivumiliwa muda wote ambao fedha zilikuwa kidogo. Podikasti ya Serial, iliyoanza Oktoba 2014, iliwathibitishia wenye matangazo ya biashara kwamba kulikuwa na hadhira kubwa, nao kwa kuwa hulipa kwa kila upakuaji 1,000, walitaka kujua upakuaji ni nini hasa. Hapakuwa na jibu moja. Kampuni moja ilihesabu kila ombi, ya pili ilihesabu faili zilizokamilika tu, ya tatu ilikusanya maombi ya saa kadhaa kuwa moja, na zote zilitumia neno lilelile. Shirika la wenye matangazo ya mtandaoni la Marekani, Interactive Advertising Bureau, kupitia tawi lake la ufundi, lilitoa mwongozo wa kwanza mwaka 2016 na toleo la pili Desemba 2017, na toleo hilo la pili ndilo lililoweka masharti ambayo kampuni nyingi za uhifadhi huyafuata mpaka sasa. Upakuaji huhesabiwa pale tu seva inapokuwa imetoa angalau kiasi cha baiti kinachotosha sekunde 60 za sauti, ambacho kwa faili ya kilobiti 128 ni takriban kilobaiti 960, mbali na baiti za mwanzo zinazobeba jina la kipindi na picha ya jalada. Maombi yanayotoka katika anwani moja ya IP kwa programu ileile na kwa kipindi kilekile ndani ya saa 24 huhesabiwa kuwa upakuaji mmoja, na roboti zinazojulikana huondolewa pamoja na trafiki ya vituo vya data.

Kampuni zilizoanza kufuata masharti hayo ziliona hesabu za wateja wao zikishuka, na wateja wengi walilalamika kana kwamba wasikilizaji wameibwa. Hakuna aliyeibwa kitu. Waliopungua hawakuwa watu. Hata hivyo, ni lazima isemwe kwamba mwongozo huo ulikuwa mapatano ya wafanyabiashara na haukuwa ugunduzi wa kisayansi. Dakika moja ilichaguliwa kwa sababu inapimika, na saa 24 zilichaguliwa kwa sababu siku ni kipimo kinachoeleweka.

Baadhi ya mafumbo yalibaki nje ya mwongozo, likiwamo lile la kuhama. Kila kipindi katika mlisho kina kitambulisho cha kudumu ambacho programu hukitumia kujua kama imekwisha kukichukua. Mtayarishaji anapohama kampuni moja ya uhifadhi kwenda nyingine, na kampuni mpya ikavipa vipindi vya zamani vitambulisho vipya, simu za wasikilizaji huviona vyote kuwa vipya na kuvipakua upya, ikiwa zimewekwa kupakua zenyewe. Takwimu za juma hilo hupaa, na mtayarishaji hufurahia umaarufu ambao haupo. Kinyume chake hutokea pale kampuni ya zamani isipoelekeza mlisho wake wa awali kwenye anwani mpya: waliojiandikisha hubaki wakiuomba mlisho uliokufa, nao hupotea mmoja mmoja bila kujua.

Vifaa pia vilileta udanganyifu usiokusudiwa. Saa ya mkononi ya Apple ilikutwa ikipakua kwa mara ya pili vipindi ambavyo simu ya mwenyewe ilikuwa imevipakua tayari, na kwa kuwa ilijitambulisha kwa jina tofauti, kanuni ya anwani na programu ilishindwa kuona kwamba ni mtu yuleyule. Hatimaye kampuni za takwimu zilishauriwa kuyaondoa maombi ya saa hizo yote. Na palikuwapo pia udanganyifu wa kukusudia. Mwaka 2022 vyombo vya habari vya Marekani vilifichua kwamba baadhi ya kampuni kubwa za podikasti zilikuwa zikilipia matangazo ndani ya michezo ya simu, ambapo mchezaji aliyebofya ili apate zawadi ya mchezo alianzisha upakuaji wa kipindi ambacho hakuwa na nia ya kukisikiliza. Kwa masharti ya mwongozo, mengi ya hayo yalikuwa upakuaji halali.

Majaribio ya kuunganisha pande mbili za elimu hayakufika mbali. Desemba 2017 Apple ilianza kuwaonyesha watayarishaji takwimu za usikilizaji ndani ya programu yake, bila kutaja watu, na kwa mara ya kwanza iliwezekana kuona mahali ambapo wasikilizaji huacha kipindi. Lakini takwimu hizo zilihusu programu ya Apple peke yake. Desemba 2018 shirika la redio la umma la Marekani, NPR, lilitangaza mpango ulioitwa RAD, wa kutia alama ndani ya faili ya sauti ili programu yoyote iitume ishara kwa mtayarishaji kila alama ipitiwapo. Mpango ulihitaji ridhaa ya wenye programu, Apple haikuukubali, na bila Apple haukuwa na maana. Upande wa pili, Spotify katika miaka yake ya mwanzo ya podikasti ilichukua nakala moja ya faili na kuigawa kutoka seva zake yenyewe, na YouTube hufanya vivyo hivyo inapopokea mlisho, hivyo maelfu ya wanaosikiliza huko huweza kuonekana kwa kampuni ya uhifadhi kama ombi moja tu.

Kilichodhihirisha chimbuko la tatizo kuliko vyote kilikuja Septemba 2023. Mpaka wakati huo, mtu aliyejiandikisha katika programu ya Apple, akaacha kusikiliza kwa miezi kadhaa kisha akarudi, alipakuliwa vipindi vyote vilivyotoka katika muda wa kutokuwapo kwake, na kila kimoja kilihesabiwa. Toleo la 17 la iOS, mfumo wa simu za iPhone, liliukomesha utaratibu huo. Podikasti za kila siku, ambazo mwenye kurudi alikuwa akizivuta kwa makumi, zilipoteza sehemu kubwa ya hesabu zao, na kampuni zilizokuwa zimeuza matangazo kwa hesabu za zamani zililazimika kuzungumza upya na wateja wao. Wasikilizaji walibaki walewale. Mabadiliko ya mistari michache ya programu, yaliyofanywa na kampuni moja, yalifuta upakuaji ambao kwa miaka mingi ulikuwa umelipiwa kama watu.

Katika Afrika Mashariki makosa haya huelekea upande wa pili, na jambo hilo halijadiliwi inavyostahili. Wasikilizaji wengi hutumia intaneti ya simu, na kampuni za simu, kwa uhaba wa anwani za IP za mfumo wa zamani, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Barani Afrika anwani hizo zimekaribia kwisha: AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalozigawa barani, liliingia Januari 2020 katika awamu ambayo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kanuni ya saa 24 inapokutana na hali hiyo, wakazi wawili wa Mwanza au wa Kisumu wanaotumia mtandao mmoja wa simu na programu moja, na kusikiliza kipindi kimoja siku moja, wanaweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja. Isitoshe, mtu mwenye bando dogo huweza kupokea kipindi kupitia WhatsApp kutoka kwa ndugu aliyekipakua, na nakala hiyo haipiti kwenye seva ya mtayarishaji wala haiachi mstari wowote. Kwa hiyo podikasti ya Kiswahili yenye upakuaji 500 na ile ya Marekani yenye upakuaji 500 hazina lazima ya kuwa na hadhira sawa, ingawa mwenye tangazo huzilinganisha kwa kipimo kimoja.

Tangu Septemba 2020 Curry, pamoja na Dave Jones, ameendesha Podcast Index, orodha huria ya milisho inayokusudiwa kuizuia orodha ya Apple isiwe ya pekee, na mwaka 2022 John Spurlock alianzisha OP3, huduma inayotanguliza anwani yake mbele ya anwani ya faili ili kila ombi lipite kwake kwanza, na ambayo huchapisha hesabu zake na jinsi zinavyopatikana ili kila mtu azikague. Huduma ya namna hiyo haiwezi kusema nani amesikiliza, lakini inaondoa ubishi juu ya nani amehesabu vipi. Mtayarishaji anayetaka kujua kama podikasti yake inakua hana budi kulinganisha vipindi vyake na vipindi vyake mwenyewe, kwa kampuni ileile ya uhifadhi na kwa idadi ileile ya siku tangu kila kimoja kitoke, na kila hesabu inapobadilika ghafla achunguze kwanza ni programu gani iliyobadilika kabla ya kuwasifu au kuwalaumu wasikilizaji.